Walimu wa Kumbukani na Chemchemi ya Bi Nyamizi

Nilifikaje Kumbukani, hayo tuyaache wajukuu zangu, maana nikianza na njia mtasinzia kabla sijafika. Nilifika. Nilikuwa na begi langu lile la turubai na kifua changu hiki hiki kinachokohoa, nikapokelewa vizuri kuliko nilivyowahi kupokelewa hata ukweni. Hilo nalisema mapema, kwa sababu mtu anaweza kuyasikia haya akadhani wale watu walikuwa wabaya. Hawakuwa wabaya. Mpaka leo nikiwakumbuka roho inaniuma, na inaniuma hasa kwa sababu walikuwa wema.

Nchi yenyewe ni ya vilima. Vilima vyekundu, vitupu, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya mapunye. Kila unapopita kuna kibao. Hapa palikuwa na msitu. Hapa ulipita mto, na jina la mto limeandikwa. Hapa walilala korongo. Vibao vimepakwa rangi safi na kila asubuhi kuna mtu anapita na kitambaa anavifuta vumbi. Mimi shule yangu ni ya darasa la tatu, lakini kusoma najua, na nilisoma vibao mpaka nikachoka.

Nusu ya watu wa nchi ile ni walimu wa mazingira. Ndiyo kazi yenye heshima kule, kama udaktari kwetu. Yule aliyenipokea nyumbani kwake alikuwa mmoja wao, anaitwa Sefania, kijana mwembamba mwenye kitambaa cha manjano shingoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe ni mwalimu. Unafundisha nini?"

"Nafundisha chura."

Nikamwangalia kama ananitania. "Chura gani?"

"Alikuwa wa manjano, mdogo tu, kama ncha ya kidole gumba. Alikuwa analia mvua ikikaribia." Akafunga macho, akaminya koo, akatoa sauti, kri kri kri, kama mtu anayekwangua kitana kwa ukucha. Huko uani nikasikia mkewe anakimbia kuanua nguo kwenye kamba.

"Kumbe mvua inakuja," nikasema.

"Haiji babu. Ni mimi tu." Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Ndipo akanieleza sheria yao. Kule Kumbukani kitu kilicho hai hakifundishwi. Ni mwiko. Nikauliza kwa nini, akasema kitu kilicho hai kinabadilika. Leo umemfundisha mtoto kwamba mto unapinda hapa, kesho mto umehama, mtoto anafeli mtihani na mzazi anakuja juu. Lakini kitu kilichokwisha kimetulia. Unakifundisha mwaka huu, unakifundisha mwaka ujao, hakikuaibishi. Ukitaka kuwa mwalimu lazima uwe na kitu chako kimoja kilichokwisha, ukijue vizuri, ukilie vizuri, na uwafundishe watoto kukilia. Na kwa kweli watoto wa kule wanajua. Mtoto mdogo ambaye hata kamasi hajafuta anakutajia samaki wote wa ziwa ambalo baba yake hakuliona.

Nikamuuliza Sefania, "Sasa na vile ambavyo bado vipo?"

Akasema, "Hivyo vinasubiri."

Siku zile walikuwa na mkutano wao mkubwa, ambao hufanyika kila mwaka kabla ya masika. Wanauita Mkutano wa Kujifunza Pamoja na Kutafakari. Sefania akanichukua twende wote. Ukumbi mzuri, mapazia, maua ya karatasi, chai na sambusa. Watu wanakumbatiana, wanapeana pole kabla ya kupeana salamu. Na kukaa kule si kukaa ovyo. Mbele kabisa kuna viti vyenye mito laini ya kukalia, vya wale waliopotelewa na kitu kikubwa. Pale katikati alikaa Mwalimu Mkuu Kitundu, mzee wa makamo mwenye sauti ya upole, yeye alikuwa wa ziwa zima. Nyuma yake watu wa misitu, halafu watu wa mito, halafu ndege. Sefania na chura wake walikuwa karibu na mwisho, pamoja na mama mmoja wa panzi.

Mimi sikuwa na kitu kilichokwisha, nikapelekwa kwenye mkeka, mlangoni kabisa, pale upepo unapoingia na vumbi. Kwenye mkeka kulikuwa na mtu mmoja tu, mwanamke wa miaka kama arobaini na ushee, miguu imepasuka visigino, khanga yake ina matope yaliyokauka kwenye pindo.

"Karibu babu," akasema, akasogea. "Karibu kwenye mkeka wa wasio na msiba."

Huyo ndiye alikuwa Bi Nyamizi.

Yeye alikuwa na chemchemi. Hai. Inatoka chini ya kilima nyuma ya shule yake, maji ya baridi, na matete yamesimama kuizunguka. Wanafunzi wake wananywa hapo, na wazazi wao, na mbuzi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mambo ya chemchemi hakuruhusiwa kuyafundisha, maana haijafa. Kila mwaka alikuja mkutanoni na ombi moja. Kilima cha juu yake kilikatwa miti, sasa udongo unateremka kila mvua. Kinachouzuia ni yale matete tu, mizizi yake imeushika ukingo. Alitaka watu waje na majembe wachimbe mtaro huko juu, maji ya mvua yageuzwe kando. Basi. Kazi ya siku chache kwa watu wengi, na kwa wanawake wa kijijini peke yao haiwezekani, ardhi ile ni ngumu na wanaume wamekwenda machimboni.

"Mwaka huu usipochimbwa huo mtaro?" nikamuuliza.

"Mwaka huu usipochimbwa, babu, mwakani utanikuta nimekaa kule mbele kwenye mto laini." Alisema kwa utani, lakini mkono wake ulikuwa unachuna ukindu wa mkeka.

Zamu yake ilipofika alisimama pale pale mlangoni, maana wa mkekani hapandi jukwaani. Akaeleza. Hakulia, akaeleza tu kama mtu anayeagiza misumari dukani. Nilipoangalia ukumbini nikaona watu wamekunja nyuso, si kwa ubaya, wanajitahidi kumwelewa.

Mzee wa misitu akainuka. "Dada yetu, pole sana. Lakini nauliza, je, hiyo chemchemi imeshapungua?"

"Bado. Inatoka vizuri."

"Haijabadilika hata rangi?"

"Haijabadilika. Ndiyo maana nataka tuiwahi."

Mzee akamgeukia Kitundu akafungua mikono, kama anayesema sasa tutatafakari nini hapa. Mwingine, wa mto, akasema ana wasiwasi. Tukienda tukachimba, halafu ikafa hata hivyo, si tutakuwa tumehusika? Sasa hivi hatujahusika. Yule mama wa panzi akasema tusiwe wagumu, tuwe na moyo, angalau tutunge wimbo kabisa tuuweke tayari. Wakapiga makofi kwa hilo. Bi Nyamizi akasema hataki wimbo, anataka majembe. Wakapiga makofi na kwa hilo pia.

Kitundu akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Ndugu zangu, jambo ni zito. Tutafakari."

Sasa niwaeleze kutafakari kwao. Wote wanasimama, wanafunga macho, kimya. Kuna ofisa anaitwa Mwangalizi wa Ukimya, amevaa joho la kijivu, ana kengele ndogo mkononi. Kimya lazima kifike mwisho bila kukatika. Kikikatika anapiga kengele, kinaanza upya kutoka mwanzo, na hakuna neno lolote litakaloamuliwa mpaka kikamilike. Kimya cha kwanza kilivunjwa na kifua changu. Nilijikaza mpaka machozi yakatoka, lakini kikohozi mnakijua. Ting. Upya. Cha pili, ni mimi tena. Cha tatu mtu aliangusha sambusa. Wakaniletea tangawizi nitafune, wakanipa na pole, hakuna aliyenuna hata mmoja. Jua likapita dirisha moja likaenda dirisha la pili. Bi Nyamizi alikuwa amefungua macho muda wote, anaangalia nje, anaangalia mawingu.

Kimya kilipotimia ni Sefania aliyesimama. Akasema, "Walimu wangu, mimi chura wangu sikuwahi kumwona. Nilifundishwa sauti yake na mwalimu ambaye naye alifundishwa. Naomba, kwa mara moja tu, twende tukaone kitu kabla. Tuite ziara ya mafunzo."

Ukumbi ukanong'ona. Kitundu akawaza, halafu uso wake ukafunguka. Sheria inakataza kufundisha kilicho hai, haikatazi kukitembelea. Watu wakashangilia, wengine wakalia kwa furaha. Na Bi Nyamizi, jamani, yule mama alinishika mkono akauminya mpaka pete yangu ikaniumiza. Akawaambia watu wote, "Njooni na majembe." Wakamwitikia ndiyo, ndiyo, dada.

Kesho yake tukaenda, ukumbi mzima, ni mwendo wa asubuhi tu. Wengine walikuja na majembe, nisiwadhulumu. Lakini wengi walikuja na chupa, na vikapu vilivyofumwa vizuri, maana ziara ya mafunzo kule ina desturi yake. Mwalimu harudi mikono mitupu. Lazima kila mmoja apeleke kielelezo, wanafunzi wake wakishike, wasije wakasema mwalimu anabuni. Na kielelezo cha mmea bila mizizi hakikubaliki.

Ilikuwa nzuri, ile chemchemi. Nyie mmezoea bomba. Maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe bila haraka, yanarusharusha mchanga mweupe kama uji unaoanza kuchemka. Matete yamesimama kichwa juu ya kichwa, ndege wadogo ndani. Walimu walivua viatu wasije wakapachafua. Mwalimu Kitundu alipiga magoti akaingiza mkono kwenye maji akasema, "Ni ya baridi," kama mtoto. Nilimwona. Alikuwa mtu wa ziwa lakini sidhani kama aliwahi kulowana.

Halafu wakaanza kuchukua vielelezo. Kwa adabu, kwa zamu, mmoja mmoja, kila mtu tete lake moja tu, na mizizi yake. Anaposhika anasema samahani. Bi Nyamizi alikuwa huko juu na wale wa majembe, anawaonyesha mahali pa kuanzia mtaro. Aliposhuka akakuta ukingo uko wazi, mtupu, una mashimo kama ufizi wa mtu aliyeng'olewa meno.

"Mmefanya nini?" akauliza. Hakupiga kelele.

"Tumechukua moja moja tu, dada," akasema yule mama wa panzi, akamwonyesha la kwake, amelifunga kwa kitambaa chenye maji lisinyauke. "La kwangu nimechukua dogo kabisa."

Kabla Bi Nyamizi hajajibu, Kitundu alikuwa ameshainua mkono. Alisema mahali pazuri namna hii hatuwezi kuanza kazi bila kutafakari. Walioshika majembe wakayaweka chini. Wakapanda wote kwenye ukingo, juu ya chemchemi, ndipo palipokuwa na nafasi ya kusimama watu wote wakaiangalia. Mwangalizi wa Ukimya akatoa kengele yake. Wakafunga macho.

Mimi nilibaki chini kwa sababu ya magoti. Bi Nyamizi naye alikuwa chini. Tukauona pamoja, mstari mwembamba kwenye udongo, chini ya nyayo zao, unafunguka pole pole kama mshono wa suruali.

Akasema kwa nguvu, "Shukeni hapo, udongo unapasuka."

Ting.

Mwangalizi akafungua macho, akamwangalia kwa huruma kweli kweli, akamwambia, "Dada yangu, tunaelewa uchungu wako. Tuanze upya."

"Hakuna kuanza upya. Shukeni. Sefania, washushe."

Ting.

Sefania peke yake alishuka. Wengine wakafunga macho tena, midomo imekaza, wanajitahidi wasimkosee heshima tena. Bi Nyamizi akapanda kule juu akaanza kuwavuta kwa mikono, kwa mashati, na waliovutwa walikuwa wanarudi mahali pao taratibu, macho yamefungwa. Mimi nilipiga kelele pia. Kengele ilikuwa inalia mfululizo kama ya baiskeli.

Ukingo ulishuka wote kwa pamoja. Haukutoa hata sauti kubwa, kama gunia linalowekwa chini tu. Watu waliteremka nao, wakajikuta wamekaa kwenye tope, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Walipofungua macho chemchemi haikuwepo. Kulikuwa na udongo mwekundu mpaka usawa wa kiuno, na watu wameukalia.

Tulichimba. Sefania, Bi Nyamizi, mimi kidogo, na wengine. Yakatoka maji ya tope, tukafurahi, halafu yakawa unyevu, halafu hata unyevu ukaisha. Wanasema maji yakizibwa hutafuta njia nyingine huko chini, hayarudi. Mimi sijui. Najua kwamba hayakurudi.

Mchana wanafunzi wa Bi Nyamizi wakaja na ndoo, kama kawaida yao. Wamepanga mstari, wanaimba, mpaka wakatuona. Wakasimama. Msichana mmoja mwenye ndoo ya bluu akauliza, "Mwalimu, tutachota wapi?"

Bi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye udongo, mikono yake inavuja damu kwenye kucha.

Mwalimu Kitundu akamkaribia yule mtoto, uso wake umelowa machozi, na tope limekauka kwenye paji. Akamshika kichwa. "Hilo swali ni zuri sana," akasema. "Ndugu zangu, tulichukue hilo kwa ajili ya tafakari."

Sefania alikuwa na chupa yake, ameijaza pale pale chemchemini tulipofika, kielelezo chake. Akaifungua akaimimina kwenye ile ndoo ya bluu. Maji hayakufunika hata kitako cha ndoo. Wenzake walimwangalia, kisha kila mmoja akaangalia chupa yake, akaifunga kifuniko vizuri. Kwa upendo, nasema. Ndiyo yalikuwa maji ya mwisho ya ile chemchemi, walitaka kuyatunza.

Siku ya kufunga mkutano walimwita Bi Nyamizi jukwaani. Walimvisha kitambaa cha bluu shingoni, wakamwongoza mpaka mbele, kwenye kiti cha mto laini, karibu kabisa na Kitundu. Walimwomba afundishe. Sikudhani angekubali. Akasimama akaanza, kwa sauti ndogo, maji yalikuwa yanatokaje, mchanga ulikuwa unarukaje, jiwe lilikuwa na rangi gani upande wa asubuhi. Akaigiza mlio wake kwa ulimi. Wajukuu zangu, mlio ulikuwa wenyewe kabisa. Ukumbi mzima ulilia, na mimi nililia, na watu wakasema tangu ziwa la Kitundu hawajasikia somo kama lile. Alifundisha vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, alivyofundisha vizuri.

Sefania hakuwepo. Kwa kumwaga kielelezo alinyang'anywa chura wake, akapewa mtu mwingine.

Nilipokuwa naondoka Bi Nyamizi alinifuata mpaka kwenye kibao cha mpakani. Ameficha kitu ndani ya khanga. Kilikuwa kipande cha tete, kimedondoka kutoka kwenye kikapu cha mtu, na mizizi yake kama ndevu za mbuzi.

"Babu, kwenu kuna walimu wa mazingira?"

"Wapo mama. Wanakuja na magari, wanafanya semina."

"Wazuri?"

"Wazuri. Wapole sana."

Akanipa lile tete. "Basi likishika, usiwaonyeshe."

Nilitaka kumwuliza na wewe je, watoto je, wanachota wapi. Lakini alikuwa ameshageuka, ana somo mchana. Kwa mbali nilimsikia anarudia ule mlio kwa ulimi, anajizoeza.

Mnayaona yale majani marefu nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea? Mmekuwa mkiniuliza kwa nini sitaki yafyekwe, na kwa nini nimewazungushia mbuzi uzio. Ndiyo yale. Yameshika, yameongezeka, na mwezi uliopita niliona pale chini pamelowa na siku hiyo hakuna aliyeoga. Sijasema ni nini. Pengine ni umande.

Juzi mwalimu wenu alipita hapa na wageni wake wa semina, watu wa heshima, wamebeba chupa za maji na madaftari, wakasimama wakayaangalia. Mmoja akaniuliza, kwa adabu sana, "Shikamoo mzee. Haya ni matete ya aina gani?"

Nikamwambia marahaba mwanangu, haya ni magugu tu, nimeyaacha yafukuze nyoka. Nikamwuliza habari za safari, nikamkaribisha chai upande ule mwingine wa nyumba.